Kibao cha Alhamisi

Kikombe changu kilikuwa na msumari wake dukani kwa Arvo Ranta. Ni kikombe cha bati chenye maua ya samawati, rangi imebanduka ukingoni, na Arvo alikitundika pembeni ya mashine ya kuchongea funguo ili mtu mwingine asikinywee. Kila Alhamisi nilifika na mkate wa iliki niliouviringisha kwenye kitambaa, nikakaa kwenye kiti chenye mto mwekundu, kati ya mapipa ya misumari na jiko la kuni, naye akanimiminia kahawa kabla sijamaliza kuvua glovu. Tulizungumza habari zetu za siku zote: nani kateleza kwenye barafu, nani kapata mjukuu, goti lake, masikio yangu. Na juu ya kichwa chake, mbele ya rafu ya bunduki, kilining'inia kibao.

Kibao chenyewe kilikuwa kipande cha mbao ya msonobari. Alikiandika kwa mkono wake, kwa ile rangi nyekundu iliyobaki alipopaka banda lake: HAPA ALIYE CHINI YA MIAKA ISHIRINI NA MOJA HAUZIWI BUNDUKI WALA RISASI. USIULIZE. Herufi za mwisho zilikuwa zimebanana kwa sababu nafasi ilimwishia. Nilikuwa nikikitazama kama mtu anavyotazama komeo la mlango kabla ya kulala. Limefungwa? Limefungwa. Basi kalale.

Arvo si mtu wa kando kwetu. Alisimama na mume wangu, marehemu Onni, siku ya harusi yetu, ndiyo maana hata uzeeni ananiita shemeji. Alimbeba mjukuu wangu Eero siku ya ubatizo, akamfundisha kupiga makasia na kutoa matumbo ya samaki bila kupasua nyongo. Na ndiye aliyemuuzia Eero bunduki.

Eero alikuwa ametimiza miaka kumi na minane majira yale ya majani kupukutika. Alikuwa ameacha kula, ameacha kucheka, amekuwa wa kukaa dirishani. Na sisi watu wa Kuparila tuna desturi yetu: mtu akinyamaza, anaachwa anyamaze. Tunampashia sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke, tunamwekea chakula karibu, tunangoja. Kumuuliza ni kama kumvua nguo mbele za watu. Bunduki za Onni zilikuwa kabatini, na ufunguo wake niliuvaa shingoni pamoja na msalaba, hata kwenye sauna sikuuvua, mpaka ukawa unaniunguza kifua. Basi Eero akaenda dukani. Sheria ya nchi inasema kumi na minane inatosha kwa bunduki ndefu. Arvo akapiga ile simu ya serikali ya kumkagua mnunuzi, akajibiwa kijana hana doa, akamfungia mzigo wake na kumpiga begani: "Mwaka huu utuletee kulungu dume mwenye pembe za ncha nane." Eero hakurudi nyumbani jioni ile. Tulimpata kesho yake kwenye kambi yetu ya kuwindia. Zaidi ya hapo sisemi.

Siku ya maziko, watu wakiwa wanakunywa kahawa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, Arvo alisimama. Huyu ni mtu ambaye hata kwenye mikutano ya barabara hajawahi kusimama. Alikuwa ameshika sahani ya keki, akasahau kuiweka chini.

"Kuanzia leo," akasema, "dukani kwangu mtoto hanunui bunduki. Aliye chini ya ishirini na moja asije. Sheria iseme itakavyo, duka ni langu."

Kisha akanijia mimi, akapiga lile goti lake bovu sakafuni. "Shemeji, nakuapia kwa Eero."

Nikamwamini. Kesho kutwa yake ni mimi niliyemshikia ngazi alipokuwa akitundika kibao. Alitumia kulabu mbili. Nikamwambia kipigilie misumari, kisije kikamwangukia mtu. Akasema ukuta ni wa zamani, utapasuka.

Mji uligawanyika. Kaka yangu Reino, ambaye ni mdogo kwangu lakini tangu afiwe na mkewe anajiona baba yangu, alikuja jikoni kwangu amefura.

"Kijana anapewa bunduki ya serikali anapelekwa vitani," akasema, "halafu Arvo hamwamini kumuuzia ya kulungu?"

"Vitani anakwenda na sajenti wa kumwangalia," nikamjibu. "Hapa nani anamwangalia? Wewe?"

"Wewe Lempi ungesoma ungekuwa wakili, watu wangekoma."

"Nilitolewa shule nikakamue ng'ombe ili wewe uendelee. Kunywa kahawa yako."

Nilimpigania Arvo kama ndugu. Wenzangu walipoanza kwenda kununulia mahitaji yao pale kwenye duka la pampu ya mafuta, njia ya kusini, mimi nilinunua kwake hata nisivyohitaji. Mpaka leo nina makoleo ya theluji ya kutosha kijiji, na mimi mgongo wa kuzoa theluji sina. Impi Salo, niliyekaa naye benchi moja kanisani tangu usichana, alisema Arvo ameota moyo wa kuku. Nikahamia benchi la upande wa pili. Sikumsalimu tena. Miaka hii yote nimemwona kwa kisogo tu.

Duka halikufa. Miezi michache baadaye watu walirudi, nami nikajiambia, unaona, Lempi, watu wema wakipewa muda wanaelewa. Alhamisi nikiwa kitini pangu, hakuna aliyesogelea rafu ya bunduki. Wanaume waliingia, wakavua kofia, wakaulizia betri au kamba, wakaonja mkate wangu, wakatoka. Nikaiona kuwa ni heshima kwa Eero. Niliona pia kwamba mbao ya kibao kwenye matundu ya kulabu imelainika na kung'aa, kama mpini wa jembe la siku nyingi. Nikadhani ni mlango, unapopigwa na upepo wa ziwa, unautikisa ukuta.

Na Reino, siku za katikati ya juma, hakutaka niende mjini. "Barafu hii utavunjika nyonga. Niambie unachotaka nikuletee. Au ngoja Alhamisi." Nikamwona amekuwa na huruma uzeeni.

Aliyebaki kwangu ni Senja, mdogo wake Eero. Mama yao Marlys anauguza wazee katika mji mwingine, mbali, anakuja mwisho wa juma akiwa amechoka hata kutafuna. Senja anaishi nami. Alikuwa na miaka kumi na mitano alipompoteza kaka yake, na tangu hapo alikua kama mti uliopandwa kivulini, mrefu, mweupe, kimya. Alipotimiza kumi na minane nilipika keki, nikaweka mishumaa, lakini usingizi haukunijia. Bunduki za Onni nilikuwa nimeshampa Reino, na yeye kazifungia kwake. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu, ile ile aliyopita Eero, na kwenye njia hiyo kilikuwepo kibao. Nilijua ana miaka mitatu ya kuvuka. Nikisema, akiivuka hiyo, Mungu akipenda, moyo wake utakuwa umekomaa. Mimi nitamlinda nyumbani, Arvo atamlinda mjini.

Mwaka huo msimu wa kulungu uliangukia kufunguliwa siku ya Alhamisi. Jumanne yake nilikuwa natayarisha pai za nyama na viazi za Reino na wenzake kupeleka kambini, na sauna ikaanza kutoa moshi ndani. Nikachungulia: bomba la moshi, pale linapopinda, limeoza. Reino alikuwa ameshakwenda porini kuweka kuni. Senja alikuwa anamenya viazi.

"Nenda Alhamisi, Bibi," akaniambia, bila kuinua macho.

"Alhamisi watu wote watakuwa wanatoka porini na baridi mifupani, wanataka sauna. Nitawaambia wajipashe kwa maombi?"

Nikawasha gari, nikaenda polepole, magurudumu kwenye changarawe.

Mbele ya duka pikapu zilijaa. Ule mti mrefu wa kutundikia kulungu waliowindwa ulikuwa umeshasimamishwa. Nikaingia. Kengele ya mlango ikalia, na duka zima, lililokuwa likicheka, likaacha kucheka.

Nilitafuta kibao kama kawaida yangu. Kibao kilikuwepo. Lakini maneno yake yalikuwa mengine. KAROTI ZA KULUNGU ZIPO, MAGUNIA MAKUBWA. Tangazo la chambo cha wawindaji, mbao ile ile, kulabu zile zile, kimegeuzwa.

Kwenye kaunta alisimama Brodie, yule kijana wa kwa Lahti mwenye nywele nyekundu, na mbele yake boksi refu, limeshafunguliwa. Ameshika bunduki mpya kwa mikono miwili, anaitazama kama bwana harusi amtazamavyo mkewe. Aliponiona akatabasamu. Si kijana mbaya.

"Habari za asubuhi, Bibi Lempi!" Kisha akamgeukia Arvo, bado anacheka. "Mzee, kwani leo Alhamisi?"

Mtu mmoja karibu na jiko akakohoa. Mwingine akavaa kofia, akaivua. Wote wakawa wanatazama viatu vyao.

"Nyamaza, Brodie," Arvo akasema.

"Brodie, mwanangu, una miaka mingapi?" nikamuuliza.

"Kumi na tisa, Bibi." Sasa tabasamu lilikuwa limeanza kumkauka. "Mimi nilidhani... Kila mtu anajua. Siku zako hatuji." Akaiweka bunduki kaunta taratibu, kama sahani ya moto, akatoka bila koti lake.

Arvo alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye kikombe changu. "Shemeji, njoo ukae. Umetoka kwenye baridi. Nikutilie kahawa."

"Kigeuze."

"Shemeji..."

"Kigeuze hicho kibao nikisome."

Akapanda kwenye kile kijistuli chake. Hakuhitaji hata kutazama: mkono huu hapa, mkono huu hapa, kikanyanyuka, kikazunguka, kikaingia kwenye kulabu. Mkono uliozoea. Maneno mekundu yakatokea, USIULIZE imebanana mwishoni, na udongo wa karoti ukamwagika kidogo sakafuni.

"Tangu lini, Arvo?"

Aliyejibu ni mzee Waino, kule karibu na jiko, ambaye ni mkubwa kuliko sisi sote na hana subira. "Tangu ile Krismasi ya kwanza. Mwambie, Arvo. Si mtoto."

"Duka lilikuwa linakufa, Lempi," Arvo akasema. "Walikuwa wanakwenda kule kwenye pampu. Wananunua huko huko, umri ule ule, kwa mtu wasiyemjua. Ningefunga, ungekuja kukaa wapi? Nikasema angalau siku yake... Siku yake asione."

"Kwa hiyo ulifanya hivyo kwa ajili yangu."

"Sikutaka uumie."

Niliwatazama wale wanaume. Mmoja nilimfundisha shule ya Jumapili. Mmoja nilimpelekea supu alipovunjika mguu. Wote wamekula mkate wangu pale pale, wakausifu, wakaniuliza iliki naitoa wapi, kibao kikiwa juu yao. Miaka yote hiyo walikuwa wakipeana zamu ya kunichezea mchezo, na mimi nikidhani niko dukani.

Sikulia. Jambo moja tu lilinijia, na nililiuliza kama mtu anavyojipapasa mfukoni kuona kama funguo zipo.

"Na Senja?"

"Senja?" Arvo akashtuka, akanyoosha mikono yote miwili. "Senja sijamuuzia, Mungu shahidi! Yule nilimkatalia kabisa. Nilimwambia toka, rudi nyumbani kwa bibi yako."

Kuni zilipasuka ndani ya jiko. Nilimwona Arvo akilisikia neno lake mwenyewe, baada ya kulisema.

"Alikuja?" nikasema.

Akashika ukingo wa kaunta.

"Senja alikuja hapa kununua bunduki. Lini?"

"Mwezi wa tatu," akasema kwa sauti ndogo. "Theluji ilikuwa bado haijayeyuka."

Mwezi wa tatu kulungu hawawindwi. Hilo analijua kila mtoto wa Kuparila kabla hajajua kusoma. Na tangu mwezi huo wa tatu nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti Alhamisi baada ya Alhamisi. Majani yamechipua, yamepukutika. Alinieleza habari za goti lake mpaka nalijua kuliko langu. Alinieleza mbwa wa nani kaumwa na nungunungu. Alinieleza misumari imepanda. Hilo hakunieleza.

"Aliniomba nisikwambie," Arvo akasema. "Alinisihi, shemeji. Nikampa neno langu."

"Ana miaka kumi na minane, Arvo. Kwa bunduki ni mtoto, kwa siri ni mtu mzima?"

Akaitazama ile bunduki ya Brodie.

"Nipe bomba la moshi," nikasema, "kile kipande cha kupinda. Ndicho nilichofuata."

Akakileta, akakosa ukubwa, akarudi, akaleta kingine. Hakutaka pesa. Niliziweka kaunta, kando ya ile bunduki ya Brodie, nikatoka. Nyuma yangu nilimsikia mzee Waino akisema, "Nilikwambia siku nyingi."

Nyumbani Senja alikuwa amemaliza viazi, sasa anakata nyama vipande vidogo, namna nilivyomfundisha. Niliweka bomba mezani. Nilivua koti, nikalitundika, nikanawa mikono, nikachukua kisu kingine, nikakaa mbele yake. Desturi yetu ilinivuta. Ilinitaka nikate nyama. Ilinitaka nimpashie sauna, ninyamaze, ningoje.

"Mwezi wa tatu ulikwenda kwa Arvo," nikasema.

Kisu chake kikasimama. "Kasema."

"Kakosea, kasema. Ulitaka bunduki ya nini, Senja?"

Akatazama dirishani, kile kiti alichokuwa akikaa Eero. "Wenzangu wote wanauziwa. Nilijua nami akiniuzia... Nilijiambia, akiniuzia basi. Akinikatalia, nitarudi nyumbani."

"Akakukatalia."

"Alilia, Bibi. Alitoka nyuma ya kaunta, akanishika mabega, analia kama mtoto. Watu wangeingia. Nikaona aibu, nikamwambia usimwambie Bibi. Akasema hasemi."

"Na kibao? Ulijua?"

Mikono yangu ilikuwa imetulia juu ya nyama, na nakumbuka ilikuwa ya baridi.

"Mji mzima unajua," akasema. "Mimi mwenyewe nimeshakigeuza. Kuna Alhamisi moja Arvo alisahau, nikakuona unaegesha gari. Nikaruka kaunta."

"Wewe, Senja?"

"Ulikuwa ukirudi Alhamisi unaimba, Bibi. Siku nyingine huimbi."

Kwa Arvo niliumia kama mtu aliyepigwa. Kwa hili niliumia kama mtu aliyekalia kiti kikaondolewa. Yule niliyekuwa nikimlinda alikuwa akinilinda mimi, kwa kamba ile ile iliyooza. Nilitaka kusimama nitoke nje. Lakini ningetoka, tungerudi kwenye kunyamaza, na kunyamaza nakujua kunakoishia.

Nikamuuliza lile ambalo Eero hatukumuuliza. Nililitaja kwa jina lake, bila kulizungushia maneno. Nilimuuliza kama mwezi wa tatu alitaka kufa, na kama leo anataka.

Alinitazama kama nimesema lugha ngeni. Kisha mabega yake yakashuka, kama mtu aliyeruhusiwa kuutua mzigo.

"Leo hapana," akasema. "Kuna siku."

"Siku hiyo utaniambia mimi. Si Arvo, si mtu mwingine. Hata niwe nimelala, utanigutua kwa fimbo."

"Kwa fimbo, Bibi? Na masikio yako hayo itabidi nije na tarumbeta."

Tukacheka, machozi yakitutoka, na mikono imejaa nyama. Tulimpigia simu Marlys, akaacha kazi, akaja. Asubuhi yake tulikwenda wote watatu zahanati, tukamwona muuguzi, mama mmoja mwenye miwani aliyemuuliza Senja mambo waziwazi bila kupepesa jicho, akampangia siku za kuja kuongea. Mimi nilikaa nje kwenye viti vya plastiki na pai yangu mfukoni, sikuila.

Reino alikuwa ameshasikia. Alinikuta nyumbani, amesimama jikoni na buti zake zenye tope, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua. Dada, nilitaka upumzike tu."

"Kutwa unaniambia barafu, barafu, nitavunjika nyonga."

Akainamisha kichwa. Nikampa pai zake, zote, kwa sababu nilishazipika. Nikamwambia aziweke bunduki za Onni mahali ambapo hata yeye itamchukua nusu siku kuzipata. Akasema ndiyo. Hakuketi.

Alhamisi ilifika, msimu ukafunguliwa. Tangu kabla ya mapambazuko milio ilisikika kutoka upande wa mabwawa. Nilioka mkate wa iliki, kwa mazoea ya mikono tu, nikauacha mezani. Senja akaendesha gari, nikamwambia aningoje nje.

Kulungu watatu walikuwa wameshatundikwa kwenye ule mti, na watoto wenye makoti ya rangi ya chungwa wanahesabu pembe. Duka lilijaa hadi mlangoni. Impi Salo alikuwepo, ananunua soksi za mumewe. Walinipisha, wakaacha njia nyembamba katikati mpaka kwenye kiti changu. Mto mwekundu ulikuwa umekung'utwa. Kahawa ilikuwa imeshamiminwa, inafuka moshi. Na juu kilining'inia kibao, kimepanguswa hata udongo wa karoti hakina, maneno mekundu yakitazama watu: USIULIZE.

Brodie alikuwa amejibanza nyuma ya mapipa. Hakuna aliyekuwa akiitazama rafu ya bunduki. Kila mtu yuko mahali pake, anajua zamu yake. Walikuwa wakiningoja nikae.

"Karibu, shemeji," Arvo akasema. Alikuwa hajanyoa, macho mekundu. "Nilidhani huji."

Nikavuta kile kijistuli. Mtu mmoja akataka kunishika kiwiko, nikamwondoa mkono. Nikapanda. Kibao kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, sijawahi kukishika tangu ile siku ya ngazi. Nikakinyanyua, nikakizungusha, nikakirudisha kwenye kulabu. KAROTI ZA KULUNGU ZIPO, MAGUNIA MAKUBWA.

Nikashuka. Nikamwaga kahawa kwenye ndoo ya majivu, nikapangusa kikombe changu kwa ncha ya shali, nikakitia mkobani.

"Leo pia si Alhamisi, Arvo," nikasema.

Kwenye njia ya kutokea nilisimama mbele ya Impi Salo. "Hujambo, Impi." Ameshika soksi kifuani, midomo inamcheza. "Sijambo, Lempi," akasema. Nikapita.

Ndani ya gari Senja alikuwa ameacha injini ikiwaka ili nisipate baridi.

"Kasema nini?"

"Hakusema kitu."

Akatazama mkobani, akaona mpini wa kikombe. Akaanza kurudisha gari nyuma, akipitisha kati ya pikapu kwa uangalifu, namna Eero alivyomfundisha.

"Tukifika," nikamwambia, "utapanda wewe ukafunge lile bomba. Mimi nitakushikia ngazi."